Bob Marley

Robert Nesta Marley (anajulikana zaidi kama Bob Marley, Nine Mile, Jamaika, 6 Februari 1945 – Miami, Marekani, 11 Mei 1981) alikuwa mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi wa nyimbo kutoka nchini Jamaika. Ndiye aliyeutoa muziki wa reggae katika kisiwa chake na kuufikisha karibu kila pembe ya dunia, Afrika ikiwemo. Alifariki akiwa na umri wa miaka 36 kwa melanoma, aina ya saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wake wa kulia.

Kuhusu muziki wake yameandikwa mengi. Kuhusu ugonjwa wake yamesemwa mengi pia, lakini sehemu kubwa ni uvumi: wapo wanaodai aliumwa kwa sababu ya mpira, wapo wanaodai alitegewa sumu katika kiatu, na wapo wanaosema dini yake ndiyo iliyomuua. Makala hii inaeleza maisha yake kwa ujumla na kulitazama suala hilo la ugonjwa kwa karibu zaidi.

Utoto

Marley alizaliwa katika kijiji cha Nine Mile, wilaya ya Saint Ann, kaskazini mwa Jamaika. Wakati huo kisiwa kilikuwa bado koloni la Uingereza. Mama yake, Cedella Malcolm, alikuwa msichana Mwafrika wa Jamaika mwenye umri wa miaka 18. Baba yake, Norval Sinclair Marley, alikuwa Mzungu wa Jamaika aliyekuwa na umri mkubwa kuliko mkewe kwa miongo kadhaa. Ndoa hiyo haikuwa na maisha ya pamoja. Baba alituma fedha mara chache, alionekana mara chache zaidi, akafariki mwaka 1955. Mtoto alilelewa na mama yake na babu yake mzaa mama, kati ya wakulima.

Kuzaliwa na wazazi wa rangi mbili kulimletea kejeli utotoni. Jambo hili lina uzito hata katika habari ya ugonjwa wake, kama itakavyoelezwa chini, kwa kuwa wengine wamedhani saratani aliirithi kutoka upande wa Kizungu.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, mama na mwana walihamia Kingston, mji mkuu, wakakaa Trenchtown, mtaa wa maskini. Walikaa nyumba moja na familia ya rafiki yake wa Nine Mile, Neville Livingston, aliyekuja kujulikana kama Bunny Wailer. Wavulana hao wawili walijifunza kuimba kwa sauti za kupatana chini ya mwimbaji Joe Higgs, aliyefundisha vijana wa mtaa bila malipo uani kwake. Hapo walikutana na Peter Tosh. Marley aliacha shule mapema akajifunza kazi ya kuchomelea vyuma, lakini kipande cha chuma kilipomruka jichoni aliona heri muziki.

The Wailers

Mwaka 1962, mwaka ambao Jamaika ilipata uhuru, Marley alirekodi wimbo wake wa kwanza, Judge Not, kwa mtayarishaji Leslie Kong. Haukuuzwa sana. Mwaka uliofuata yeye, Tosh, Bunny na wenzao waliunda kundi lililokuja kuitwa The Wailers, wakaenda kwenye studio ya Clement Dodd, maarufu kwa jina la Coxsone. Wimbo wao Simmer Down, uliowataka vijana wa mitaani wapunguze jazba, uliongoza nchini Jamaika mwaka 1964. Umaarufu ulikuja haraka. Fedha hazikuja.

Tarehe 10 Februari 1966 Marley alifunga ndoa na Rita Anderson, mwimbaji mwenzake, na siku chache baadaye akamfuata mama yake Marekani, katika mji wa Wilmington, jimbo la Delaware. Huko alifanya kazi za vibarua, ikiwemo kiwandani kwa kampuni ya magari ya Chrysler. Alipokuwa mbali, tarehe 21 Aprili 1966, Kaisari Haile Selassie wa Ethiopia alitembelea Jamaika na kupokewa na umati mkubwa wa Marasta, wanaomwona kuwa masiya. Rita alikuwa katika umati huo. Aliporudi nyumbani mwaka huohuo, Marley aliingia taratibu katika imani ya Rastafari, akaanza kufuga nywele na kufuata kanuni zake za chakula na za mwili.

Mwaka 1972 kundi lilikuwa London bila nauli ya kurudi. Marley alikwenda kwa Chris Blackwell, mwenye kampuni ya Island, ambaye aliwapa fedha za kurekodi albamu nzima nyumbani kwao, jambo lisilo la kawaida kwa wanareggae wa siku zile ambao walilipwa wimbo kwa wimbo. Matokeo yake yalikuwa Catch a Fire, iliyotoka mwaka 1973, na miezi michache baadaye Burnin'. Mwingereza Eric Clapton alipourudia wimbo I Shot the Sheriff mwaka 1974 na kuufikisha nafasi ya kwanza Marekani, watu wengi walitaka kujua mtunzi wake ni nani.

Tosh na Bunny waliondoka. Marley aliendelea na jina la Bob Marley and the Wailers, akiwa na ndugu wawili, Aston na Carlton Barrett, kwenye besi na ngoma, na waimbaji watatu wa kike waliojulikana kama I-Threes: Rita mkewe, Judy Mowatt na Marcia Griffiths. Mwaka 1975 No Woman, No Cry, ulivyopigwa mbele ya watu jijini London, ulimfanya nyota barani Ulaya. Albamu ya Rastaman Vibration ya mwaka 1976 ina wimbo War, ambao maneno yake karibu yote yametoka katika hotuba ya Haile Selassie mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963.

Kushambuliwa kwa risasi

Siasa za Jamaika za miaka ya 1970 zilikuwa za bunduki. Wafuasi wa waziri mkuu Michael Manley na wale wa Edward Seaga waligawana mitaa ya Kingston, na kila upande ulitaka sauti ya Marley. Tarehe 3 Desemba 1976, siku mbili kabla ya onyesho la bure lililoitwa Smile Jamaica, watu wenye silaha walivamia nyumba yake ya Hope Road namba 56. Marley alijeruhiwa kifuani na mkononi, Rita kichwani, na meneja wake alipigwa risasi kadhaa. Wote walipona. Tarehe 5 Desemba Marley alipanda jukwaani akiwa na majeraha na kuimba, kisha akaondoka nchini. Mwaka 1977 aliishi zaidi London, ambako alirekodi Exodus, albamu iliyotoka mwezi Juni na kukaa katika orodha ya mauzo ya Uingereza kwa zaidi ya mwaka mzima.

Kidole cha mguu

Marley alipenda mpira wa miguu karibu sawa na muziki. Alicheza kila aliposafiri: uani kwa Hope Road, viwanja vya London, hata korido za hoteli. Alikuwa ameshawahi kuumia kidole gumba cha mguu wa kulia, na mwezi Mei 1977, katika mchezo wa kirafiki dhidi ya waandishi wa habari jijini Paris, kilikanyagwa tena na ukucha ukang'oka. Aliendelea na ziara. Mwanzoni mwa Juni alipiga maonyesho katika ukumbi wa Rainbow, London, akirukaruka jukwaani kama kawaida yake. Lakini kidonda hakikufunga.

Mwezi Julai madaktari wa London walikata kipande cha nyama na kukipima kwa hadubini. Walikuta melanoma.

Hapa ndipo hadithi maarufu inapokosea. Watu husema mpira ulimpa saratani. Kilicho karibu zaidi na ukweli ni kwamba mpira uliifichua, na pengine uliificha kwanza: mguu wa mchezaji ukivimba na kuwa mweusi, nani atafikiria saratani? Pigo moja la kiatu halijathibitishwa kuwa chanzo cha melanoma. Habari ya kiatu chenye sumu au waya alichopewa na majasusi, inayorudiwa hadi leo, haina ushahidi wowote.

Melanoma huanza katika seli zinazotengeneza melanini, rangi nyeusi ya ngozi. Wengi wanaijua kama ugonjwa wa Wazungu wanaochomwa na jua, na ni kweli kwamba huwapata wao zaidi. Lakini ipo aina inayotokea mahali ambapo jua halina kazi: kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Aina hiyo huwapata watu wa rangi zote, na kwa kuwa watu weusi hawapati sana aina nyingine, ndiyo inayoonekana zaidi kwao. Utafiti uliofanyika Uganda katika miaka ya 1960 ulionyesha hivyo hivyo: wagonjwa wengi wa melanoma walikuwa na uvimbe kwenye unyayo. Basi hakuna haja ya kutafuta damu ya Norval Marley ili kueleza ugonjwa wa mwanawe. (Saratani ya ngozi inayowapata sana watu wenye ualbino katika Afrika Mashariki ni jambo lingine, hiyo husababishwa na jua, na mara nyingi si melanoma.)

Ikumbukwe pia kwamba watu weusi wengi wana mistari ya rangi ya kahawia kwenye kucha bila ugonjwa wowote. Wanachoangalia madaktari ni mstari ulio kwenye ukucha mmoja tu, unaozidi kupanuka, au weusi unaovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi inayouzunguka. Daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson alieleza dalili hiyo tangu karne ya 19.

Ushauri wa kukata

Madaktari wa London walimshauri Marley akatwe kidole. Ili kuelewa sababu, ni lazima kujua jinsi wapasuaji walivyofikiri kuhusu ukingo.

Uvimbe wa saratani hauishii pale macho yanapoona mwisho wake. Seli chache zinaweza kuwa zimetambaa pembeni. Kwa hiyo mpasuaji hakati waa jeusi peke yake, bali hukata pamoja nalo ngozi inayoonekana nzima kulizunguka, na nyama iliyo chini yake. Upana wa ngozi hiyo nzima ndio ukingo. Ukiwa mwembamba mno, seli hubaki na uvimbe huota tena. Ukiwa mpana mno, mgonjwa hubaki na jeraha kubwa lisilofungika bila ngozi ya kupandikiza, au hupoteza kiungo kabisa.

Kwa miongo mingi kipimo kilichofuatwa kilikuwa sentimita 5 kila upande. Chanzo chake kilikuwa mihadhara ya mpasuaji wa London, William Sampson Handley, ya mwaka 1907. Handley alichunguza mwili wa mwanamke aliyefariki kwa melanoma iliyosambaa, akafuatilia jinsi seli zilivyopita katika mishipa ya limfu chini ya ngozi. Yeye mwenyewe alipendekeza kukata ngozi karibu inchi moja tu kutoka kwenye uvimbe, na kuchukua upana mkubwa zaidi, inchi mbili, katika mafuta ya chini hadi kwenye utando wa misuli. Waliomfuata waliufanya upana huo mkubwa kuwa kanuni hata kwa ngozi yenyewe. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba maelfu ya watu walikatwa kwa kipimo kilichotokana na mwili wa mgonjwa mmoja, bila mtu kukilinganisha na kipimo kingine kwa zaidi ya nusu karne.

Sasa tuuchukue ukingo huo wa sentimita 5 na kuupeleka kwenye kidole gumba cha mguu. Kidole chote hakina urefu huo. Tena chini ya ukucha hakuna mafuta: kitanda cha ukucha kimelala karibu juu ya mfupa, umbali wa milimita chache tu. Mpasuaji akitaka ukingo wowote wa maana kwenda chini, anagonga mfupa. Ndiyo maana, kwa mpasuaji wa mwaka 1977, melanoma chini ya ukucha ilimaanisha kukata kidole, na wengine walikwenda mbali zaidi na kukata sehemu ya mguu.

Marley alikataa. Sababu inayotajwa mara nyingi ni imani yake, kwa kuwa Marasta huchukua kwa uzito maandiko ya Biblia yanayokataza kuukata mwili. Huenda hiyo ilikuwa sehemu kubwa. Lakini alikuwa pia mtu aliyeishi kwa miguu yake, jukwaani na uwanjani, na waliokuwa karibu naye wamesimulia hofu hiyo. Si haki kusema kwamba aliikataa hospitali. Alikwenda Miami kutafuta maoni ya pili, na huko alipata mpasuaji aliyekuwa tayari kufanya kidogo zaidi: kuondoa ukucha, kitanda chake na nyama iliyoizunguka, kisha kufunika mahali hapo kwa ngozi iliyotolewa pajani. Upasuaji ulifanyika mwaka huohuo wa 1977. Ziara ya Marekani ilifutwa, na kidonda kikapona.

Je, kukata kidole kungemwokoa? Swali hili huulizwa kila mwaka ifikapo mwezi Mei, na jibu la haraka huwa ni ndiyo. Sayansi iliyokuja baadaye inatufundisha kulijibu kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1970 mwanapatholojia Mmarekani Alexander Breslow alionyesha kwamba jambo linaloamua hatari ya melanoma ni unene wake, yaani milimita ilizozama ndani ya ngozi, kuliko upana unaoonekana juu. Melanoma nyembamba huponyeshwa kwa kukatwa. Ile nene mara nyingi imeshatuma seli kwenye tezi za limfu na damu kabla kisu hakijaigusa, na hapo hata ukingo wa mita moja hauzirudishi.

Baada ya hapo ndipo majaribio ya kulinganisha yalipofanyika. Mwaka 1988 lilichapishwa jaribio la Shirika la Afya Duniani lililoongozwa na Mwitalia Umberto Veronesi. Wagonjwa 612 wenye melanoma isiyozidi milimita 2 walikatwa, wengine kwa ukingo wa sentimita 1, wengine wa sentimita 3 au zaidi. Urefu wa maisha yao haukutofautiana. Mwaka 2004 jaribio la Uingereza kwa wagonjwa 900 wenye melanoma ya milimita 2 au zaidi lilionyesha kuwa ukingo wa sentimita 1 kwa unene huo ni mwembamba mno, kwa sababu ugonjwa ulirudi zaidi karibu na kovu au kwenye tezi kuliko kwa waliokatwa sentimita 3. Mwaka 2011 jaribio la nchi za Ulaya ya Kaskazini kwa wagonjwa 936 lilikuta kwamba sentimita 2 zinatosha kama sentimita 4. Kwa hiyo leo hukatwa sentimita 1 kwa melanoma isiyozidi milimita 1, sentimita 1 hadi 2 kwa ile iliyo kati ya milimita 1 na 2, na sentimita 2 kwa iliyo nene zaidi. Ile ambayo haijavuka kabisa tabaka la juu la ngozi hutosheka na nusu sentimita hadi sentimita 1. Zile sentimita 5 zimeachwa.

Kwa vidole, majaribio hayo hayatoi jibu kamili, maana mengi hayakuhusisha melanoma za kucha. Siku hizi, ikiwa ugonjwa chini ya ukucha haujazama, wapasuaji wengi huondoa ukucha wote na kitanda chake na kupandikiza ngozi, bila kukata kidole. Ukiwa umezama, kidole hukatwa kwenye kiungo, lakini hujaribu kubakiza kadiri inavyowezekana. Kwa maneno mengine, upasuaji aliofanyiwa Marley haukuwa upuuzi. Ni ndugu wa upasuaji unaofanyika leo, ila unafaa kwa ugonjwa wa mapema. Uvimbe uliotoa kidonda kisichofunga kwa wiki nyingi kwa kawaida si wa mapema. Kukata kidole kungeipunguza hatari ya kubakiza seli pale pale. Hakungeweza kuziita seli zilizokwisha kusafiri, kama zilikuwa zimesafiri.

Jambo moja ambalo halihusu dini wala kisu ni uangalizi wa baadaye. Mtu aliyekatwa melanoma anapaswa kupimwa mara kwa mara kwa miaka, hasa tezi za kinenani ikiwa ugonjwa ulikuwa mguuni, kwa sababu huko ndiko hupita kwanza. Maisha aliyoyarudia Marley yalikuwa ya ndege na hoteli.

Miaka mitatu ya kazi

Mwaka 1978 ilitoka albamu ya Kaya. Tarehe 22 Aprili mwaka huohuo, katika onyesho la amani mjini Kingston, Marley aliwaita Manley na Seaga jukwaani na kuinua mikono yao iliyoshikana juu ya kichwa chake. Mwezi Juni alipokea New York nishani ya amani kutoka kwa ujumbe wa nchi za Afrika kwenye Umoja wa Mataifa. Mwisho wa mwaka alikanyaga Afrika kwa mara ya kwanza: alipita Kenya, kisha akaenda Ethiopia, ambako alifika Shashamane, ardhi ambayo Haile Selassie aliwatengea watu weusi waliotaka kurudi kutoka ng'ambo. Kaisari alikuwa ameshapinduliwa na kufa. Nchi ilikuwa chini ya wanajeshi wa Mengistu Haile Mariam.

Safari hiyo inasikika katika Survival ya mwaka 1979, albamu yenye jalada la bendera za nchi huru za Afrika na wimbo Zimbabwe. Wapiganaji wa msituni waliuimba wimbo huo kabla ya uhuru wao. Basi usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980, bendera ya Uingereza iliposhushwa katika uwanja wa Rufaro mjini Salisbury (sasa Harare), Marley alikuwepo. Alisafirisha vyombo kwa gharama yake mwenyewe. Umati uliobaki nje ulisukuma milango, polisi wakarusha mabomu ya machozi, na moshi ukafika hadi jukwaani; onyesho lilisimama kwa muda, kisha likaendelea.

Mwaka huohuo ilitoka Uprising, yenye Redemption Song, wimbo wa gitaa moja na sauti moja. Ziara ya Ulaya ilivuta watu wengi kuliko zote za nyuma, wakiwemo takriban 100,000 katika uwanja wa San Siro, Milan. Waliomwona kiangazi hicho baadaye walikumbuka kwamba alikuwa amekonda.

Ugonjwa kurudi na kifo

Mnamo Septemba 1980, baada ya maonyesho mawili katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Marley alianguka alipokuwa akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, tarehe 21. Vipimo vilionyesha uvimbe kwenye ubongo, na ugonjwa ulikuwa umefika pia mapafuni na kwenye ini. Kidole kilichofanyiwa upasuaji miaka mitatu nyuma hakikuwa tena suala.

Hata hivyo tarehe 23 Septemba alipiga onyesho lililopangwa Pittsburgh, katika ukumbi wa Stanley. Lilikuwa la mwisho. Ziara ilivunjwa, naye akatibiwa kwa mionzi na dawa mjini New York. Nywele zake zilianza kudondoka na zilizobaki zikakatwa. Mwezi Novemba alibatizwa katika Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia na Abuna Yesehaq, akapewa jina Berhane Selassie, maana yake Nuru ya Utatu.

Baadaye alipelekwa Rottach-Egern, Bavaria, nchini Ujerumani, kwenye zahanati ya Josef Issels, daktari aliyetumia lishe na tiba nyingine zisizokubaliwa na madaktari wengi. Marley alikaa huko miezi ya baridi yote, mama yake akiwa pamoja naye. Alitimiza miaka 36 huko. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuizuia melanoma iliyokwisha kusambaa. Dawa zinazoamsha kinga ya mwili dhidi yake zilikuja kuidhinishwa baadaye.

Mapema Mei 1981 ilionekana tiba imeshindwa. Alitaka kufia Jamaika. Ndege ilifika Miami na hali yake haikuruhusu kuendelea. Alifariki katika hospitali mjini humo tarehe 11 Mei 1981.

Serikali ya Jamaika ilikuwa imemtunuku nishani ya Order of Merit mwezi mmoja kabla. Mazishi ya kitaifa yalifanyika Kingston tarehe 21 Mei, Seaga akiwa sasa waziri mkuu, na msafara wa magari ulimrudisha Nine Mile, ambako barabara nzima ilijaa watu. Alizikwa katika kaburi lililojengwa juu ya ardhi, akiwa na gitaa lake na Biblia.

Baada yake

Marley hakuacha wosia. Inasemekana kuandika wosia hakukupatana na imani yake. Mjane, watoto kumi na mmoja anaotambuliwa kuwa baba yao, na washirika wa biashara walikaa mahakamani kwa miaka mingi wakigombania haki za nyimbo. Watoto kadhaa ni wanamuziki, wakiwemo Ziggy, Stephen na Damian.

Mkusanyo wa nyimbo zake uitwao Legend, uliotoka mwaka 1984, ni miongoni mwa albamu zilizouzwa zaidi duniani. Mwaka 1999 jarida la Time la Marekani liliiteua Exodus kuwa albamu bora ya karne ya 20. Nyumba ya Hope Road namba 56 ni makumbusho, na ukuta wenye alama za risasi za mwaka 1976 umeachwa kama ulivyokuwa. Cedella, mama yake, alifariki mwaka 2008 na kuzikwa Nine Mile pia.